Mche wa pilipili sinunui tena

Miaka mitatu iliyopita nilinunua miche kumi ya pilipili mbuzi kwa muuza maua mmoja wa kando ya barabara, hapa Tanga. Nikambana: hii ni mbuzi kweli? Akaapa. Nikaihudumia miezi minne kama mzazi: samadi, maji asubuhi na jioni, vijiti vya kuegemea. Tunda la kwanza likatoka refu, jembamba, limejipinda kama kidole cha mzee. Nikajipa moyo kwamba labda ni hilo tu. La pili refu. La tatu refu. Miche yote kumi ilikuwa pilipili ndefu. Nilipomrudia muuza maua, nikakuta pale pamefunguliwa genge la chipsi.

Simlaumu sana. Mche wa pilipili wenye majani manne haujaandikwa jina usoni, na huenda naye aliuziwa hivyohivyo. Ila tangu siku hiyo nimeshika msimamo ambao majirani wanauona ni ubishi: pilipili ya nyumbani ioteshwe kwa mbegu, na mbegu itoke kwenye pilipili uliyoila wewe mwenyewe ukaipenda. Siyo mche wa kuuziwa, na hata ile pakiti yenye picha nzuri dukani mimi naiacha.

Sababu yangu ni harufu. Mtu anayetaka kuwashwa tu, pilipili kichaa ipo, inajiotea hata chini ya mwembe wanapolala ndege. Mbuzi ni habari nyingine. Mama mkwe wangu, mtu wa Pangani, huitia nzima na kikonyo chake kwenye mchuzi wa samaki, nazi ikianza kutokota. Haikati wala haitoboi. Inaelea pale juu kama boya. Harufu inatoka, ukali unabaki ndani, na kazi ya anayekoroga ni kuikwepa kwa mwiko, maana ikipasuka watoto hawali. Wakati wa kupakua huiopoa akaiweka pembeni ya sahani ya baba mkwe, na yeye ndiye mwenye hiari ya kuibonyeza au kuiacha. Jiko zima linanukia na hakuna aliyelia.

Jaribu kufanya hivyo na pilipili nyingi zinazouzwa siku hizi. Kubwa, inang'aa, ngozi ngumu, inavumilia safari ya lori. Unaitia chunguni inaelea, unangoja, haisemi kitu. Mkulima naye afanyeje? Analipwa kwa gunia. Hakuna dalali anayeinamia gunia kunusa.

Na vijana wetu nao wamekimbilia upande mwingine. Kuna mmoja mtaani kwetu alitafuta mbegu za pilipili iitwayo Carolina Reaper kwa bei ambayo ningenunulia kuku wawili, kwa sababu tu ya kile kitabu cha rekodi cha Guinness. Reaper ilishika rekodi ya pilipili kali kuliko zote duniani mwaka 2013, kisha 2023 ikapokonywa na Pepper X, iliyopimwa ikapata wastani wa 2,693,000 kwenye kipimo cha ukali kiitwacho Scoville. Jamaa za pilipili mbuzi, yaani zile habanero, huwa kati ya 100,000 na 350,000 hivi. Huyo Wilbur Scoville alikuwa mfamasia wa Marekani. Mwaka 1912 alikuwa akizimua dondoo la pilipili kwa maji ya sukari, waonjaji wanaonja, anaendelea kuzimua mpaka waseme hawahisi tena. Ni njia ya busara kwa ukali. Lakini harufu haikupimwa popote, na kijana wangu sasa ana pilipili ambayo nyumbani kwake hakuna anayethubutu kuitia kwenye chochote. Anaiangalia.

Basi twende kwenye mbegu yenyewe, maana hapo ndipo wengi wanapokata tamaa wakasema mkono wao hauoteshi.

Pilipili nyingi sokoni huchumwa mbichi, kijani. Mbegu ya tunda la kijani haijakomaa. Ukiisia utangoja mpaka uote mvi. Mimi huenda soko la Mgandini saa za mchana, muda ambao akina mama wanapunguza mafungu, nikaulizia zile zilizoiva mpaka zimeanza kusinyaa. Wananiuzia kwa bei ya kutupa, na mmoja amezoea kuniuliza, "Kaka, hizi ni za kuku?" Nanunua fungu moja. Nyumbani nazikata moja moja na kuzinusa. Iliyonukia vizuri, mbegu zake zinabaki. Isiyonukia inaingia kwenye kachumbari.

Hapa kuna tahadhari niliyoijua kwa machozi. Ukali wa pilipili haukai kwenye mbegu kama wengi tunavyodhani, unakaa kwenye ile nyama nyeupe inayozishikilia mbegu, na mbegu zinaambukizwa tu kwa kugusana nayo. Sasa wewe unayechokonoa mbegu unaichokonoa hiyohiyo. Mara ya kwanza nilichambua pilipili ishirini kwa vidole vitupu, nikanawa kwa maji, nikajiona nimemaliza, kisha nikafikicha jicho. Ukali ule hauyeyuki kwenye maji, unayeyuka kwenye mafuta. Siku hizi napaka mafuta ya kupikia mikononi, nafuta kwa karatasi, ndipo sabuni. Au navaa mfuko wa nailoni mkononi. Mke wangu ana masharti yake mengine kuhusu jioni za siku za kuchambua pilipili, sitayaandika hapa.

Mbegu zianikwe kivulini, juu ya sahani au karatasi, wiki moja hadi mbili. Siyo juani juu ya bati, bati la Tanga saa saba mchana linakaanga mbegu. Ikiwa tayari, ukiikunja inavunjika, haipindi. Natia kwenye bahasha, naandika mwezi na mwaka, bahasha inaingia kwenye chupa ya jemu yenye mchele mkavu chini ili ufyonze unyevu. Hewa yetu ya pwani ni adui mkubwa wa mbegu kuliko panya.

Kusia ni jambo la dakika kumi. Nalowesha usiku kucha kwenye maji ya uvuguvugu, asubuhi nasia kwenye kopo la siagi lililotobolewa, udongo wa tifutifu uliochanganywa na mboji iliyooza barabara, mbegu inafukiwa nusu sentimita tu. Wanaofukia mbegu ya pilipili kama wanapanda hindi ndio haohao wanaosema haioti. Baada ya hapo ni kungoja, na hapa pilipili mbuzi ina tabia yake. Mchicha unatokeza siku ya tatu au ya nne, mbuzi inaweza kuchukua siku kumi, kumi na nne, ishirini na moja. Ni kaidi kwelikweli. Nimewahi kumwaga kopo la udongo siku ya kumi na sita nikakuta ndani vichipukizi vimeshajikunja kama ndoano, vimebakiza siku moja watoke.

Kinachoipa mbegu hamu ya kuota ni joto, nyuzi 25 hadi 30 hivi. Binamu yangu aliyeko Leicester, Uingereza, huanza Februari, kopo liko dirishani juu ya kipasha joto cha ukutani, limefunikwa nailoni, na taa ya umeme juu yake kwa sababu jua hakuna. Analipia bili ya umeme kwa ajili ya pilipili sita. Mimi joto hilo naletewa bure na Mungu mwezi wowote, ndiyo maana nikimsikia mtu wa pwani anasema kuotesha pilipili ni kazi ya wataalamu huwa nacheka.

Tatizo letu sisi ni maji. Kwa huruma tunamwagilia mpaka kopo linakuwa tope, na asubuhi unakuta mche uliokuwa umesimama jana umelala, shina limekuwa jembamba kama uzi pale linapogusa udongo. Mabwana shamba wanauita kinyausi. Ni fangasi, na mche ukishalala hausimami. Mwaka juzi nilipoteza miche tisa kwa usiku mmoja, kisa mvua ya Mei na mimi bado nikamwagilia juu yake. Sasa nangoja uso wa udongo ukauke ndipo nitie maji, tena asubuhi, na masika yote makopo yako chini ya baraza.

Miche ikifikisha wiki sita hadi nane, ina majani ya kutosha, naizoesha jua kidogo kidogo kwa wiki moja kisha napandikiza kwenye ndoo za lita 20 zilizopasuka mdomo, mche mmoja kila ndoo, matundu chini. Kuhusu mbolea nitasema moja tu: usiipende sana urea. Kuna mche niliulisha mpaka ukawa kijani cha kutisha, mrefu kunifikia kifuani, wageni wakauliza ni mti gani, na pilipili ulizaa mbili.

Jirani yangu, mama mmoja mwenye bustani nzuri kuliko yangu, ana ugomvi wake na mimi. Anadai ndoo zangu za mbuzi zimeharibu hoho zake, zimekuwa kali, kwa sababu nyuki wanatoka huku wanaenda kule. Nimemweleza mara nyingi ukutani pale: tunda la mwaka huu linafuata mama yake, ukali wake umeshaamuliwa na mti ulioko ardhini. Nyuki akileta chavua ya mbuzi kwenye ua la hoho, kitakachobadilika ni mbegu iliyo ndani, na hiyo utaijua mwakani ukiisia. Kwa hiyo hoho zake zikiwasha mwaka huu, mbegu alinunua hivyo. Hakubali. Juzi kaniletea hoho moja kwenye kisahani kama ushahidi mahakamani. Nikala. Kweli inawasha. Nikamwambia pole, lakini sikubadilisha maneno.

Katika hilo lakini yuko sawa nusu, na ndilo shimo katika msimamo wangu, bora niliseme mwenyewe. Mbegu ya kujihifadhia haina dhamana. Pilipili hujichavusha yenyewe kwa kiasi kikubwa, ila nyuki wanachanganya. Na ukichukua mbegu kwenye tunda la mbegu chotara, zile F1, watoto hawatafanana na mzazi, huyu mkali, huyu mpole, huyu mrefu. Fungu langu la Mgandini silijui ukoo wake. Msimu wa kwanza, katika miche minane niliyoiotesha, mitatu ilinukia nilivyotaka. Mitatu tu. Lakini mbegu za msimu wa pili nilizitoa kwenye ile mitatu, nikafunga matawi mawili kwa kitambaa cha chandarua kabla maua hayajafunguka ili nyuki wasiingie, na msimu uliofuata harufu ikawa kwenye miche saba kati ya tisa. Muuza miche hawezi kukupa hicho, na pakiti haijui mama mkwe wako anapika nini.

Kuna wanaoniambia basi niseme wazi kwamba napigania mbegu ya asili. Hapana, neno hilo linanipa shida. Asili ipi? Mmea huu ni mgeni, kwao ni bara la Amerika, umevuka bahari baada ya safari za Kolumbasi na huku kwetu ukaletwa na Wareno. Kabla ya hapo pilipili iliyojulikana pwani ni hii tunayoiita pilipili manga, mmea mwingine kabisa. Mgeni alikuja akapewa jina la mwenyeji, akalizoea mpaka mwenyeji ndiye akaongezewa la pili. Mimi sipiganii asili. Napigania kile kilichonukia kwenye chungu cha Pangani.

Kwenye jambo la wadudu sina la kujivunia. Vidukari nawapiga kwa maji ya sabuni, inzi weupe wananishinda kila kiangazi, na mche ambao majani yamejikunja na kudumaa naung'oa bila mjadala, sitaki uambukize wenzake. Kuku ndio kisa. Nilidhani pilipili inajilinda, kumbe ndege hawahisi ukali ule kabisa; mwili wao haushikwi nao kama wetu, na huko msituni ndio walikuwa wasambazaji wa mbegu. Tembe wa jirani aliruka ukuta akala pilipili mbuzi nne nyekundu, moja baada ya nyingine, nami nimesimama na kikombe cha chai nikingoja apige kelele. Akafuta mdomo kwenye majani akaendelea na ya tano.

Ndiyo hiyo niliyokuwa nimeifunga uzi mwekundu kwenye kikonyo, ya mbegu.

Mwaka huu nimesia mbegu kumi na nne mwishoni mwa Mei. Leo siku ya kumi na nane zimetoka kumi na moja, kofia ya mbegu bado iko kichwani kwa mbili. Mmoja nimeshauahidi kwa mama mkwe, na mmoja wa jirani, ambaye amesema anaupokea kwa sharti kwamba niuweke upande wangu wa ukuta.