Kadi ipo, dawa hakuna

Jamani, hii inachosha. Mama yangu yuko huku uchagani, juu ya Moshi mjini, na kadi yake ya CHF iliyoboreshwa, yaani bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii, aliyoilipia shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu 6. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anapita migombani na mvua yote hii, anampima presha, anamsisitiza aende zahanati. Dada wa watu anajituma kweli! Mama anashuka na fimbo yake kwenye utelezi, anakaa foleni, akifika dirishani anaambiwa dawa za presha zimeisha, kanunue duka la dawa. Kwa hela ipi? Na presha si ugonjwa wa kuruka dozi. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imepita tangu 2023. Basi dawa zifike zahanati, na yule dada apewe posho yake kwa wakati.