Wifi yangu si mvivu

Juzi kwenye kikao cha ukoo mjomba mmoja alisema mbele ya watu wote kwamba wifi yangu siku hizi amezoea kukaa. Hasira haijanitoka. Huyu ni mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa kuamka alfajiri, apike, afue, na bado awahi namba. Mwanzoni mwa 2021 aliugua ile tuliyokuwa tukiiita changamoto ya upumuaji. Hakulazwa. Alipiga nyungu, homa ikaisha, tukashukuru Mungu. Nguvu hazikurudi.

Hii ndiyo inayoitwa UVIKO wa muda mrefu: korona imepita lakini dalili zinabaki kwa miezi. Wanaoiugua zaidi wanajulikana ni akina nani: wanawake kuliko wanaume, wenye uzito mkubwa, wavutaji sigara, wenye pumu au kisukari. Chanjo hupunguza hatari. Waliolazwa nao wako hatarini zaidi, sikatai, lakini waliougulia nyumbani walikuwa wengi mno kuliko waliolazwa, kwa hiyo wagonjwa wengi wa hali hii hawajawahi kulala wodini hata usiku mmoja. Hao ndio hakuna anayewatafuta.

Wifi alipokwenda hospitali kuomba fiziotherapia, tiba ya mazoezi ya viungo, aliulizwa majibu ya kipimo na karatasi ya kuruhusiwa wodini. Angeyatoa wapi? Wakati ule Tanzania ilikuwa imeacha kutangaza takwimu za korona tangu 2020, na chanjo ilikuja kuzinduliwa Julai 28, 2021. Tulipimana kwa macho. Shirika la Afya Duniani lenyewe, lilipotoa maelezo ya ugonjwa huu Oktoba 2021, halikudai cheti: mtu aliyethibitika au anayedhaniwa kwa dalili kuwa aliugua, wote wamo, ilimradi miezi 3 baadaye bado ana dalili zilizodumu angalau miezi 2 na hazina sababu nyingine.

Baadaye alipokelewa kwingine, akaambiwa apande ngazi na aongeze kila siku. Alitii. Kila alipojikaza, kesho yake hakuweza hata kushika chaki. Mwongozo wa Shirika hilo wa Septemba 2022 unaonya juu ya jambo hilihili: pima kwanza moyo na oksijeni mgonjwa anapojishughulisha, na anayezidiwa baada ya kazi afundishwe kugawa nguvu zake, apumzike kabla hajachoka. Mazoezi ya kulazimisha yanamrudisha kitandani.

Najua wataalamu wa utengamao, wanaomsaidia mgonjwa kurudia kazi zake, ni wachache. Katika nchi nyingi za kipato kama chetu hawafiki 10 kwa kila watu milioni moja, na foleni yao imejaa waliopata kiharusi na waliovunjika kwenye bodaboda. Haya. Lakini kumwuliza mama, "Ukifua leo, kesho unaamkaje?" hakuhitaji mashine wala bajeti. Wahudumu wa afya, muulizeni kabla hamjamwandikia mazoezi, na jibu lake liandikwe kwenye faili. Nanyi walimu wakuu, mwekeeni kiti darasani na vipindi vyake msivipange mfululizo.