Ile Video ya Bukta: Sasa Nisikilizeni na Mimi

Jamani, video mmeshaiona: mimi na bukta tu, nazungusha hendeli kiwandani. Aliyeirusha ni mwenzangu wa zamu, ambaye hapa nitamwita Chipsi Mayai, sababu mtaijua punde. Kaandika chini yake, "Bwana harusi akisaga unga wa sherehe." Si unga ule! Nilikuwa nazungusha rola za tanuru, na nisingezizungusha, leo mngekuwa mnanichangia deni la kiwanda badala ya harusi.

Kwa wasiojua: kiwanda cha vioo hakizimwi kwa swichi moja ukaenda zako. Tulikuwa tunafunga mwaka. Mashine ya kuoshea vioo unaimwaga maji yote, la sivyo Januari unapokelewa na harufu ya bwawa. Chini ya mashine ya kusagia kingo unakwangua ule uji wa vumbi la kioo, maana ukiulaza hapo unaukuta umeshika kama zege. Hayo tuliyamaliza Ijumaa. Likabaki tanuru la vioo vya tempa, yaani vioo vinavyoimarishwa kwa joto. Lile likiwa kazini linafika nyuzi 700 hivi, na ukishazima hita, halina haraka na mtu. Milango unaiacha imefungwa lipoe lenyewe, na muda wote huo rola za kauri zilizomo ndani lazima ziendelee kuzunguka. Kitabu cha mashine yetu kinasema mpaka joto lishuke chini ya 200. Zikisimama zikiwa za moto, zinapinda. Na rola ikipinda, kila kioo kinachopita juu yake kinatoka na mawimbi. Mteja akijitazama anajiona anazama.

Basi, Jumamosi jioni nilikuwa nakwenda Kibaha kujitambulisha ukweni. Kanzu mpya, koti, kofia, manukato mpaka mlinzi alipiga chafya. Wajomba na mshenga wangenipitia getini. Nikaingia mara moja tu kusoma joto: 384. Chipsi Mayai akanidaka hapohapo: "Kaka, niangalizie dakika moja, nifuate chipsi." Dakika ya mtu mwenye njaa mnaijua.

Hata hajafika barabarani, umeme ukakatika. Betri ya dharura ya mota ya rola ikajikaza, ikalia pii, ikafa. Nikakimbilia jenereta: likaguna, likaguna tena, kimya. Ikabaki ile hendeli ya mkono iliyo ubavuni mwa tanuru, ya kuzungushia rola kwa cheni, ambayo miaka yote huwa tunaitundikia vitambaa. Nikavua koti, nikakunja mikono ya kanzu, nikaanza kuzungusha.

Juu ya hendeli kuna tangazo: NGUO ZINAZOPWAYA MARUFUKU KARIBU NA CHENI. Mwandiko ni wangu. Mimi ndiye mjumbe wa kamati ya usalama. Msinikumbushe, ukoo mzima umeshanikumbusha.

Mwanzo nilihisi pindo la kanzu linavutwa kwa adabu. Nikadhani ni yule paka wa stoo. Nikamwambia "shh", nikazungusha. Likavutwa tena, safari hii bila adabu. Nikamulika kwa simu. Kifuniko cha cheni kilikuwa wazi, mafundi walikifungua wapake grisi, na kanzu yangu ilikuwa inaingia mle jino kwa jino, inatokea upande wa pili nyeusi tii. Na anayeiingiza ni mimi mwenyewe! Nikizungusha, cheni inameza. Nikiacha, rola zinasimama. Kurudisha nyuma? Hendeli yetu inakubali upande mmoja tu.

Mkono ukaendelea. Kanzu ikaliwa mpaka magotini, nikainama. Ikaliwa mpaka kiunoni, nikapiga goti. Angeingia mtu wakati ule angeapa kwamba naabudu tanuru. Ilipofika kifuani, pua yangu inanusa grisi, nikasema hapana: rola nawapa, kanzu nawapa, kichwa siwapi. Mkono wa kulia unazungusha, wa kushoto unajichomoa. Nikabadili mikono. Kisha nikachomoa kichwa kinyumenyume, na kanzu yote ikaenda na maji.

Nikabaki na kofia, viatu na bukta ya njano yenye picha za mananasi. Zawadi ya mchumba huyohuyo.

"Mzee!" nikamwita mlinzi. Akaja na tochi, akanimulika kuanzia kofia kushuka chini, akafika katikati, akaizima. "Mwanangu, mkataba wangu mimi ni geti." Akarudi getini kwake. Kazi ya kwanza aliyofanya huko ni kuwafungulia wajomba.

Wakaingia msafara mzima na tochi za simu. Hakuna aliyesema neno. Shangazi akageukia ukutani kwa aibu, akakutana na tangazo, akalisoma kwa sauti. Lote. Mshenga naye, kwa kuogopa ukweni wasije kudhani tumeghairi, akapiga simu ya video. "Mzee, kijana yuko kazini, mjionee wenyewe." Akanigeuzia simu.

Nikamwona baba mkwe. Nyuma yake sebule imejaa watu, soda mkononi. Hendeli siwezi kuiachia. Nikafanya nilichofunzwa nyumbani.

"Shikamoo baba."

Kimya. Mkono unazunguka. Mananasi yanatikisika.

"Marahaba," akajibu taratibu. Halafu akamuuliza mshenga, "Huyo ndiye mwenyewe, au ni fundi tu?"

Chipsi Mayai alikuwa ameshasimama mlangoni, mkono mmoja chipsi, mwingine simu. Kusaidia hakusaidia. Alisema mikono ina mafuta.

Mengine mafupi. Umeme ulirudi, nikachomoa hendeli kwanza ndipo nikawasha mota, la sivyo ningezunguka nayo. Kibaha tulikwenda kesho yake nimevaa suti ya mjomba, wakatupokea. Juzi tumewasha kiwanda: rola zikatangulia kuzunguka, ndipo hita, joto likipandishwa polepole. Kioo cha majaribio tukakivunja kwa nyundo ya ncha, tukahesabu vipande ndani ya sentimita 5 kwa 5. Vinatakiwa visipungue 40, vikazidi. Kwenye kioo kilichofuata nikajitazama nikiwa nimekiinamisha hivi na hivi: hakuna wimbi hata moja. Hilo Chipsi Mayai hakulirekodi.

Leo asubuhi baba mkwe kanipigia. Anataka mlango wa bafu wa kioo cha tempa, kwa bei ya mkwe. Nikamwambia vipimo viwe sahihi, maana kikishatoka tanurini hakikatwi wala hakitobolewi.

"Basi njoo upime mwenyewe," akasema.

"Nitakuja Jumapili, baba."

"Haya, mwanangu. Ila uje umevaa."