Kumi Bora Imefutwa, Mashindano Yamebaki

Miezi ya mwanzo wa mwaka, ukiingia mji wowote mkubwa wa Tanzania kwa barabara, mabango ya shule yanakupokea kabla ya yale ya simu na saruji. Watoto wanane au kumi, sare zimepigwa pasi, tabasamu la kuelekezwa na mpiga picha, na chini yao hesabu ya divisheni, yaani madaraja ya ufaulu, ambayo kila mzazi anaijua: One ngapi, Two ngapi, halafu Three 0, Four 0, Zero 0. Pembeni kuna namba ya simu ya kuulizia fomu za kujiunga.

Mabango hayo hayajaguswa. Kilichoguswa ni orodha rasmi. Januari 29, 2023, akitangaza matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2022, Athumani Amasi, aliyekuwa Kaimu Katibu Mtendaji wa Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA), alisema Baraza halitataja tena shule kumi bora wala wanafunzi kumi bora. Alitoa sababu mbili. Wanafunzi hawasomi katika mazingira yanayofanana, kwa hiyo kumtaja mmoja kuwa wa kwanza hakuna tija. Na kuitaja shule ni kuitangazia biashara. Wapo waliopiga makofi, na wapo waliosema serikali inasitiri aibu ya shule zake yenyewe.

Maoni yangu ni kwamba Baraza lilikuwa na haki ya kuifuta kumi bora, ila liliishia njiani. Lilifuta jibu bovu bila kutoa jibu jingine kwa swali ambalo mzazi na diwani bado wanalo: je, shule zetu hapa wilayani zinafundisha?

Tuanze na hoja ya mazingira, maana ina uzito kuliko wanaoibeza wanavyodhani. Shule ya bweni inayopokea watoto kwa mtihani wa kujiunga, yenye maabara, maktaba na walimu wa kila somo, inapimwa kwa karatasi ileile na shule ya kata ambayo mwalimu wa fizikia ni mmoja kwa kidato cha kwanza hadi cha nne, na mwezi mwingine hayupo. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, ruzuku ya uendeshaji iliyopangwa kwa mwanafunzi wa sekondari ni shilingi 25,000 kwa mwaka, na wa msingi 10,000. Mzazi wa shule ya binafsi yenye jina analipa kiasi hicho mara nyingi zaidi kabla mtoto hajagusa dawati. Kwa hiyo kumi bora ya kidato cha nne, mwaka baada ya mwaka, ilikuwa inatueleza nani alichaguliwa kuingia wapi. Nani alifundishwa vizuri ni habari nyingine, na orodha ile haikuwa na pa kuiandika.

Lakini upande wa pili una ushahidi wake, na jina lake ni Kisimiri. Hii ni shule ya serikali huko Arumeru, kwenye miteremko ya Mlima Meru. Mwaka 2016 ikaongoza kitaifa kidato cha sita, na mwaka 2020 ikaongoza tena. Katika kumi bora hiyo ya 2020 shule nyingi zilikuwa za serikali: Dareda ya Manyara, Mwandeti ya Arusha, Tabora Wavulana na Tabora Wasichana, Mzumbe. Atakuja mbishi aseme kidato cha sita nacho kina uchaguzi wake, TAMISEMI, wizara ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, ndiyo inayowapangia wanafunzi shule, na Kisimiri haikuokota vilaza. Sawa. Hata hivyo mwalimu wa serikali anayeambiwa kila siku kwamba shule za umma ni za waliokosa hela, siku ile alikuwa na cha kujibu mbele ya watu. Orodha ilipofutwa, jibu hilo likafutwa nalo, na sauti iliyobaki barabarani ni ya mwenye uwezo wa kulipia bango.

Kuna jambo jingine linaloipunguzia nguvu hatua ya Baraza. Serikali yenyewe haijaacha kupanga watu kwa alama, imeacha tu kusoma orodha kwa sauti. Watoto wa darasa la saba wenye alama za juu bado wanatengwa na kupelekwa shule za vipaji maalumu kama Ilboru na Kibaha. Ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023, unawatafuta waliofanya vizuri zaidi katika masomo ya sayansi kidato cha sita. Na matokeo yako kwenye tovuti ya NECTA, shule kwa shule, divisheni kwa divisheni. Mtu mwenye kompyuta, kifurushi cha intaneti na jioni moja isiyo na kazi anaweza kuipanga nchi nzima kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Wapo wanaofanya hivyo, na orodha zao zinazunguka WhatsApp bila mtu wa kuulizwa zikikosewa.

Mpaka hapa mabishano ni yale ya kila mwaka. Yangekuwa na faida zaidi kama tungekumbuka kwamba Tanzania ilishawahi kulijaribu jambo hili kwa ukubwa wake wote, tena wilaya kwa wilaya, na kwamba matokeo ya jaribio hilo yamechunguzwa.

Mwaka 2013, chini ya mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, shule za msingi zilianza kupangwa kwa wastani wa mtihani wa kumaliza darasa la saba, kitaifa na pia ndani ya wilaya. Zikapewa rangi: kijani kwa zilizofanya vizuri, njano za kati, nyekundu za mkiani. Mpango haukuambatana na kukatwa mshahara kwa aliye nyekundu. Shinikizo lake lilikuwa la macho ya watu tu. Anayejua kikao cha tathmini ya elimu cha halmashauri anajua macho hayo yana uzito gani. Walimu wakuu wamekaa kwenye viti vya plastiki, ofisa elimu amesimama na karatasi, orodha inasomwa kutoka juu, na kadiri inavyoshuka ndivyo ukumbi unavyozidi kunyamaza. Wa mwisho anaambiwa asimame aeleze. Anataja upungufu wa walimu, na kila mtu anajua anasema kweli, na bado anaonekana mzembe.

Watafiti Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin walizifuatilia shule hizo kwa takwimu. Wakakuta mambo mawili, na wanaopendelea upande mmoja huchukua moja na kuliacha jingine. La kwanza: shule zilizokuwa chini kabisa ndani ya wilaya zao, zile za sehemu mbili za mwisho ukizigawa katika kumi, zilipanda kweli. Aibu ya mbele ya majirani ilifanya kazi. Na ieleweke kwamba shinikizo walilolipima ni la nafasi ya shule ndani ya wilaya yake. Mwalimu mkuu wa Kasulu, Kigoma, hasumbuliwi na kuzidiwa na shule ya Masaki, Dar es Salaam, anasumbuliwa na kuzidiwa na shule ya kijiji cha pili. La pili: shule zilizobanwa hivyo zilianza pia kupunguza watoto waliofika darasa la saba. Mtoto ambaye angeivuta shule chini hakuwa tena miongoni mwa watahiniwa.

Hapo ndipo ninaposimama muda mrefu kuliko kwingine. Mtoto aliyekaririshwa darasa la sita bila sababu, au aliyeambiwa kwa upole kwamba shangazi yake wa mjini angemsaidia zaidi, haonekani kwenye takwimu yoyote ya ufaulu. Asilimia inapanda kwa sababu kigawanyo kimepungua. Shule inapewa cheti. Ofisa elimu anapongezwa mkoani, na mkoa unapongezwa Dodoma. Katika mlolongo wote huo wa pongezi, mtu pekee aliyepoteza ana miaka kumi na mitatu na hakualikwa kwenye kikao.

Kwenye shule za binafsi mchezo huu una jina lake la adabu, wastani. Usipofikisha wastani uliowekwa unarudia darasa au unatafutiwa uhamisho, na mara nyingi anayekupokea ni shule ya kata ambayo baadaye italaumiwa kwa divisheni sifuri yako.

Shinikizo likizidi, haliishii kwenye kuchuja. Oktoba 2018 halmashauri nzima ya Chemba, mkoani Dodoma, iliingia kwenye historia kwa njia mbaya: NECTA ilifuta matokeo ya darasa la saba ya shule zake zote za msingi, pamoja na ya shule kadhaa za Dar es Salaam, Mwanza na Kondoa, baada ya mtihani kuvuja. Watoto walirudia Oktoba 8. Kwa Chemba, Baraza lilieleza kwamba maofisa elimu na walimu wakuu walishirikiana, na kundi la WhatsApp lilitumika. Siwezi kusema orodha ndiyo iliyowatuma, kwani ulaghai wa mtihani ulikuwepo tangu enzi za karatasi ya kaboni. Ila jiulize ofisa wa wilaya anapata nini mtoto wa mwenzake akifaulu. Hapati ada, wala hapati bango. Anachopata ni nafasi ya wilaya kwenye jedwali la mkoa.

Wakenya walipita njia hii kabla yetu. Mwaka 2014 Waziri wa Elimu, Jacob Kaimenyi, aliondoa upangaji wa shule na wanafunzi katika matokeo ya KCPE na KCSE, mitihani ya kumaliza msingi na sekondari. Magazeti na shule vikaendelea kujipangia, wabunge wakalalamika, na baadaye Bunge likarekebisha sheria kuruhusu upangaji urudi. Wanafunzi waliendelea kubebwa juujuu uwanjani kamera zikiwa tayari, orodha ya wizara iwepo isiwepo.

Kamera zenyewe zina kesi yao, na hii nitaipitia haraka. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ya Kenya iliitoza faini ya shilingi 4,550,000 za huko shule moja ya Uthiru, Nairobi, kwa kuweka mtandaoni picha za watoto bila idhini ya wazazi. Sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Wenye mabango wangefanya vyema kuisoma. Sifa ni ya mtoto, uso ni wake, na mzazi aulizwe. Sioni hata upande wa pili wa hoja hii.

Wapo wanaosema tukiogopa kumtaja wa kwanza tunalea taifa la watu wasiojua kushindana. Mfano wao mzuri ni UMITASHUMTA na UMISSETA, michezo ya shule za msingi na sekondari. Mashindano hayo yanaanzia shuleni, yanapanda kata, wilaya, mkoa hadi taifa, na hakuna aliyewahi kupendekeza mshindi wa mita 100 afichwe ili wa nane asijisikie vibaya. Ni hoja nzuri, na inamrudia mwenyewe: wakimbiaji wa mita 100 wanaanzia mstari mmoja, na mwalimu wa michezo haruhusiwi kumwondoa mkimbiaji wake mzembe katikati ya mbio ili wastani wa timu upande.

Kwa hiyo ningependa halmashauri zirudishiwe orodha, kwa masharti. Iwe ya ndani ya wilaya, shule za umma kwa shule za umma, kwa sababu huko ndiko ilikoonekana kusukuma walio chini. Ipime shule imetoka wapi kufika ilipo, kwa miaka mitatu hivi, maana kwenye shule yenye watahiniwa ishirini ugonjwa wa watoto wawili unatosha kuivuruga asilimia ya mwaka mmoja. Na pembeni ya asilimia ya ufaulu kuwe na safu ya lazima: watoto wangapi walikuwa darasa la tano miaka miwili kabla, wangapi wamefanya mtihani, na waliopungua wamekwenda wapi. Shule iliyofaulisha asilimia 95 ya nusu ya watoto wake isikae juu ya shule iliyofaulisha 70 ya wote.

Kuna watakaosema safu hiyo itapikwa kama zilivyopikwa nyingine. Kupika ni kugumu kuliko ilivyokuwa 2013. Mwanafunzi wa msingi sasa ana namba inayomfuata katika PREM, mfumo wa kielektroniki wa kumbukumbu za wanafunzi, na uhamisho unapitia kwenye mfumo huo, kwa hiyo mtoto aliyetoweka kati ya darasa la tano na la saba ameacha alama. Hakuna mwalimu atakayeongezewa fomu ya kujaza. Tatizo lililobaki ni la kiofisi: takwimu ziko NECTA, shule ziko chini ya TAMISEMI, na sera ni ya Wizara ya Elimu. Jambo la kuongeza safu moja kwenye jedwali linahitaji barua za ofisi tatu, na sijaona hata moja iliyoandika ya kwanza.