Kikombe cha shaba cha Fabergé siyo aibu

Juzi kijiweni jamaa kanionyesha kwenye simu picha ya kikombe cha shaba, kina tai wa vichwa viwili na maandishi ya Kirusi, "Vita 1914", na jina la K. Fabergé, basi watu wakadakia, huyu si ndo yule sonara wa mayai ya vito ya mfalme wa Urusi, kumbe alifulia mpaka akawa anatengeneza vikombe na sufuria! Nimekereka mpaka leo.

Hakufulia jamani. Vita ilianza, mafundi wakachukuliwa jeshini, dhahabu na fedha zikawa ngumu kupatikana, na wale waliobaki, watu waliozoea kupachika almasi, wakashika shaba. Sasa ukitaka kumjua fundi mpe shaba tupu, maana kwenye dhahabu jicho la mteja linakimbilia kito, kosa linapita, lakini kikombe cha shaba hakina kito cha kufichia kosa, mdomo ukipinda unaonekana, mshikio ukikaa upande unaonekana. Vile vikombe vimenyooka! Na mzee mwenyewe mwaka huohuo wa 1914, kabla ya vita, alishasema kitu ambacho bei yake ni almasi tu hakimvutii. Hata yai moja kati ya mayai ya mfalme ya 1916 lilikuwa la chuma cha pua, limesimama juu ya makombora manne, na wamelitunza Kremlin mpaka leo.

Haya, nakubali kwa shingo upande, karakana zake zilitengeneza na mabomu ya kurusha kwa mkono, hilo siwezi kulitetea.

Ila hili neno alifulia linaniuma kwa sababu nimelisikia nyumbani. Babu yangu alikuwa sonara Tanga, na ile miaka baada ya vita ya Kagera madukani hakuna kitu, nani anunue hereni? Akawa anaziba sufuria kwa lehemu na kutengeneza koroboi za makopo, na majirani wanasema mzee kaisha. Mzee yuleyule, miwani ileile, anakaa na sufuria ya mtu asubuhi mpaka adhuhuri kama anatengeneza pete ya bibi harusi. Moja mama anayo bado, anapikia maharage, na ukipitisha ukucha pale alipoziba haukwami popote.