Venice ya Novemba si makombo ya Julai

Mwambie mtu unakwenda Venice, Italia, mwezi Novemba, atakuuliza kama tiketi za Julai zilikwisha. Hata lugha yetu imechangia: msimu huo tunauita vuli, jina lile lile la mvua zetu za Oktoba hadi Desemba, basi msafiri anaona matope kabla hajafunga sanduku.

Hofu yenyewe si ya bure. Huu ndio wakati wa acqua alta, maji ya bamvua yanaposukumwa na upepo wa kusini-mashariki hadi ndani ya mji. Usiku wa 12 Novemba 2019 yalifika sentimita 187 juu ya kipimo rasmi cha usawa wa bahari, kimo kilichopitwa na kile cha 194 cha mwaka 1966 tu. Tangu Oktoba 2020 yapo malango ya chuma ya kuzuia bahari, MOSE, yanayoinuliwa maji yakitarajiwa kufika kama sentimita 110. Ila uwanja wa San Marco uko chini mno, huanza kulowa mapema zaidi, na watu hupita juu ya mbao zilizopangwa kama meza ndefu, mmoja nyuma ya mwingine, gambuti miguuni. Saa kumi na moja jioni jua limeshazama. Na ada ya viza ya Schengen, ile ya kuingia nchi nyingi za Ulaya, yuro 90 kwa mtu mzima, haijui msimu. Aliyehangaikia miadi na taarifa za benki ana haki ya kutaka mwanga.

Lakini huyo huyo akienda Julai anauziwa nini? Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mji mkongwe ulikuwa na wakazi wapatao 175,000. Mwaka 2022 walishuka chini ya 50,000. Namba hii hainitoki kichwani. Anayeshuka treni stesheni ya Santa Lucia wakati wa kiangazi anakutana na wageni wenzake, na anayemwandalia kahawa huenda analala bara, Mestre. Manispaa ilianza kuwatoza wageni wa kutwa yuro 5 mwaka 2024; mwaka uliofuata ikawa 10 kwa waliochelewa kujisajili. Siku zote za kutozwa, miaka yote miwili, ziliangukia kati ya Aprili na Julai. Mji umeshasema wenyewe ni lini unaelemewa.

Novemba wakazi hao wachache wanaonekana. Tarehe 21 ni sikukuu ya Salute, nadhiri iliyowekwa wakati wa tauni ya 1630. Daraja la muda hutandazwa juu ya Mfereji Mkuu, wazee na wajukuu wanavuka kwenda kuwasha mishumaa kanisani, kisha nyumbani kunaliwa castradina, nyama ya kondoo iliyotiwa chumvi na moshi, ikachemshwa polepole na kabichi. Hakuna anayeiandaa kwa ajili ya kamera yako.

Wapo wanaosema: tukijaa na Novemba, wenyeji watapumua lini? Hoja hii inaniuma kuliko ya mvua, na sina jibu lake lote. Ninachokiona ni kwamba anayelala usiku nne, akanunua samaki soko la Rialto asubuhi, si sawa na anayeshuka saa nne na kuondoka saa kumi na chupa tupu ya maji. Bei za vyumba za Novemba ndizo zinazomwezesha mtu wa kipato cha kawaida kulala. Septemba usijidanganye: bado ni msimu wa juu, foleni na bei vile vile.