Korosho za 2018: wafanyabiashara au serikali, nani alimbana zaidi mkulima?

Watu wakibishana nani hatari zaidi kwa kuhodhi biashara, soko huria au serikali, mi huwa nawarudisha kusini, Mtwara na Lindi, msimu wa 2018, maana kule yote mawili yalionekana ndani ya miezi michache tu.

Msimu wa nyuma yake korosho ghafi ilifika mpaka 4,000 kwa kilo. Oktoba 2018 minada inafunguliwa, makampuni yanaleta bei za 1,900 mpaka 2,700, wakulima wa Newala na Tandahimba wakagoma kuuza. Wengi wakasema wanunuzi wamepatana na hilo siwezi kulibeza, korosho yetu nyingi inaondoka ghafi kwenda India na Vietnam na wanunuzi wakubwa ni wachache, wakielewana bei mkulima hana pa kukimbilia. Ila tuseme kweli, bei ya dunia nayo ilikuwa imeporomoka mwaka ule.

Novemba Rais Magufuli akatangaza serikali inanunua zote kwa 3,300, malori ya jeshi yakaenda kusomba mzigo. Watu walishangilia na walikuwa na haki kabisa. Shida ikaja baadae, kwanza uhakiki, mwenye mzigo mkubwa anaambiwa aoneshe shamba lake liko wapi asije akawa kangomba, yaani mchuuzi anayenunua korosho za wakulima kinyemela kwa bei ya kutupa, alafu malipo yakachelewa miezi na miezi, kuna waliovuka 2019 hawajaona hela huku ada za watoto zinadaiwa, vibarua wanadai na salfa (dawa ya mikorosho) ya msimu mpya inatakiwa. Mkataba wa Januari 2019 wa kuiuzia kampuni ya Indo Power ya Kenya tani 100,000 nao ukafa.

Sasa angalia tofauti. Makampuni yalipoleta bei mbovu mkulima aliweza kukataa, tena alikataa kweli! Serikali ilipokuwa mnunuzi pekee mkulima hakuwa na namna ya kuikatalia, ukimuuzia mwingine unaitwa mhalifu. Kwangu hapo ndo serikali inakuwa hatari zaidi, japo nia ilikuwa nzuri na bei ilikuwa nzuri.

Lakini msinielewe kwamba nataka serikali ijitoe. Stakabadhi ghalani, yaani mfumo wa kukusanya korosho ghalani kupitia ushirika na kuziuza kwa mnada, ililetwa 2007 kwa sababu wachuuzi walikuwa wanapita vijijini wanapima kwa bakuli, wananunua korosho ikiwa bado mtini kwa bei ya kutupa, na mkulima mwenye njaa anakubali tu. Hilo soko lilikuwa huria na lilinyonya watu vibaya sana. Tatizo ni kwamba mlango ukiwa mmoja kisheria, wanunuzi wachache nao wanapata urahisi wa kukaa pale mlangoni na kupanga bei.

Siku hizi mnada unafanyika kwa mfumo wa kielektroniki wa TMX (Soko la Bidhaa Tanzania) na hiyo ni hatua nzuri, ila mi naomba kingine: AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, yenye uwezo iruhusiwe kumtafuta mnunuzi wake yenyewe, hata mbanguaji wa hapahapa Mtwara, na mzigo usitoke ghalani kabla hela haijaingia akaunti ya mkulima, awe ananunua Mhindi, Mvietnam au serikali.